Msaragambo wa Kizazi Hiki: Vijana Wetu na Kazi ya Kujitolea Nyumbani

Hotuba ya Kamati ya Huduma za Jamii katika mkutano mkuu wa mwaka na harambee ya chama chetu

Ndugu Mwenyekiti, wazee wetu, kina mama na kina baba, wageni waalikwa, na ninyi vijana wetu mliokaa kule nyuma karibu na mlango.  

Kila mwaka katika harambee hii tunazungumza habari za mifuko: mfuko wa madawati, mfuko wa zahanati, mfuko wa msiba. Leo kamati yetu imeombwa izungumze habari za mikono. Fedha tutaziomba pia, msiwe na wasiwasi, bahasha ziko mezani. Lakini tutaziomba mwishoni, baada ya kueleza ni mikono ya nani fedha hizo zitaiwezesha kufanya kazi.

Sote tuliozaliwa Upare, na hata waliozaliwa mjini kwa wazazi wa Upare, tunalijua neno msaragambo. Wahenga walisema, mbiu ya mgambo ikilia ina jambo. Kwetu mbiu ililia na kila kaya ilitoa mtu. Mfereji umebomoka, watu wanakwenda kuuziba. Njia imekatika kwa mvua, watu wanakwenda kuitengeneza. Aliyekosa bila sababu alitozwa faini, na faini iliuma kidogo kuliko maneno ya majirani. Hakuna aliyeuliza atalipwa shilingi ngapi, kwa kuwa maji ya mfereji ule yalikwenda shambani kwake pia.

Tazameni ndiva zetu. Ndiva ni bwawa dogo linalokusanya maji ya mfereji usiku, asubuhi linafunguliwa maji yateremke mashambani kwa zamu. Hakuna mkandarasi aliyezijenga zile za zamani. Zilijengwa kwa mikono, zikalindwa kwa mikono, na mpaka leo tope likijaa huondolewa kwa mikono ya watu walioitwa wakaja.

Nchi yetu nayo ilijengwa hivyo. Baada ya uhuru wa mwaka 1961, wananchi waliitwa kwenye kazi za kujitolea: barabara za vijijini, madarasa, visima. Mwaka 1973 ilikuja kampeni ya Mtu ni Afya. Watu walikaa katika vikundi kusikiliza redio, wakitoka hapo wanachimba vyoo na kufyeka nyasi kuzunguka nyumba. Mkoa wetu wa Kilimanjaro ukajulikana miaka ya 1980 kwa shule za sekondari zilizojengwa na wananchi wenyewe. Na zilipokuja shule za kata, nani alisomba mawe na mchanga? Wengi wenu mliomo humu ndani mlisoma katika madarasa ambayo mama zenu walibeba maji ya kuchanganyia zege.

Basi tusiseme kwamba kujitolea ni jambo la kigeni, lililoletwa na wafadhili na fulana zao. Ni letu. Umoja wa Mataifa ulitenga tarehe 5 Desemba kuwa siku ya kimataifa ya wanaojitolea, na uamuzi huo ulifanywa mwaka 1985. Sisi tulikuwa na siku yetu ya msaragambo zamani kabla ya hapo.

Swali letu la leo ni hili: kwa nini mbiu ikilia sasa, wanaotoka ni wazee?

Kuna jibu rahisi linalopendwa sana kwenye mikutano kama hii. Vijana wa siku hizi ni wavivu, wamezama kwenye simu, hawana uchungu na kwao. Kamati yetu hailikubali jibu hilo. Kijana anayeamka saa 10 usiku kuwahi Kariakoo kushusha mizigo si mvivu. Binti anayefuga kuku uani kwa shangazi yake huku akisubiri ajira si mvivu. Na simu tunayoilaumu ndiyo inayopeleka taarifa ya msiba kwa watu 200 katika dakika moja.

Kwa hiyo tuliamua kukaa na vijana wetu wenyewe, wa huku mjini na wa kule nyumbani, tuwasikilize. Walituambia mambo matatu, na tunayaleta mbele yenu kama walivyoyasema.

Jambo la kwanza ni nauli. Walisema, mnatuita tukajitolee nyumbani, lakini kutoka hapa hadi Same kuna tiketi, na kutoka Same kupanda mlimani kuna nauli nyingine, na nikifika siwezi kukaa siku 5 nikila kwa bibi ambaye yeye mwenyewe anasubiri nimletee sukari. Mkono mtupu haulambwi. Kijana asiye na kitu akijitolea kwa gharama zake, anajitolea kwa deni.

Jambo la pili lina uchungu zaidi. Walisema, neno kujitolea limetuchosha. Yuko aliyemaliza chuo cha ualimu, akaambiwa ajitolee shuleni huku akisubiri ajira. Amefundisha mwaka wa kwanza, wa pili, wa tatu, vipindi sawa na mwalimu mwenye mshahara, kwa posho ndogo ya michango ya wazazi inayokuja mwezi huu na kukosekana mwezi ujao. Ajira zilipotangazwa, hakuitwa. Kijana kama huyo akisikia tena tunasema "njooni mjitolee", anasikia "njooni mtumike".

Jambo la tatu lilisemwa kwa kicheko, lakini tulilisikia. Walisema, kwenye shughuli za chama kijana anaitwa kupanga viti, kugawa soda na kuongoza magari. Mambo ya kuamua yanakwisha kabla hajaingia.

Ndugu zetu, hayo si maneno ya watu wasio na moyo. Ni maneno ya watu wanaotaka kujua wanaitwa kwenye nini. Ukiutazama vizuri msaragambo wa wazee wetu utaona ulikuwa na majibu ya mambo yote matatu. Kazi ilikuwa karibu, hivyo hapakuwa na nauli. Ilikuwa na mwanzo na mwisho: mfereji ukizibwa, watu wanarudi kwao. Haikuchukua nafasi ya kazi ya mtu mwenye kulipwa. Na kila aliyeshika jembe alikuwa na neno juu ya zamu ya maji.

Hapo ndipo kamati inaposimama. Kijana hakosi moyo wa kutoa. Anachohitaji ni kazi yenye jina, yenye tarehe ya kuanza na tarehe ya kumaliza, isiyomgharimu asicho nacho, na ambayo yeye mwenyewe ana sauti ndani yake. Tukimpa hivyo, atakuja. Tusipompa, tutaendelea kumhubiria na yeye ataendelea kukaa karibu na mlango.

Basi tunaleta mpango wa Desemba hii. Ni mpango mdogo, na tumeufanya mdogo makusudi.

Kazi ya kwanza ni darasa la Kiingereza kwa watoto wanaoingia kidato cha kwanza. Mnajua hali ilivyo. Shule nyingi za msingi za serikali zinafundisha kwa Kiswahili. Mtoto anamaliza mtihani wa darasa la saba mwezi Septemba, anakaa nyumbani akichunga na kuteka maji, na Januari anaingia sekondari ambako karibu kila somo ni kwa Kiingereza. Hisabati aliyoijua jana, leo haijui, kwa sababu hajui swali linauliza nini. Wapo watoto wenye akili nzuri wanaokata tamaa katika majuma yale ya kwanza na hawainuki tena. Wazazi wenye uwezo mjini huwapeleka watoto wao kwenye masomo ya maandalizi. Mtoto wa kule juu mlimani hana pa kwenda.

Sasa tazameni upande wa pili. Mwezi Novemba vijana wetu wanamaliza mtihani wa kidato cha nne. Wako nyumbani wakisubiri matokeo, na hata wakifaulu, kidato cha tano ni mbali. Wapo pia waliomaliza vyuo. Hawa wameupita mlango ule ule miaka michache iliyopita na wanakumbuka ulivyowabana. Hakuna mwalimu mzuri wa jambo hilo kuliko wao. Hatuwaombi wachukue kazi ya mwalimu. Tunawaombea siku 5, asubuhi tu, wawafundishe wadogo zao maneno ya darasani: majina ya maumbo na matendo ya hesabu, sehemu za mmea, namna ya kuomba ruhusa, namna ya kumwambia mwalimu "sijaelewa, naomba urudie". Mtoto akiweza kusema hilo la mwisho bila aibu, amepata kitu kikubwa.

Kazi ya pili ni ya mchana: wazee wanaoishi peke yao na ndiva. Kila kijiji chetu kina mzee ambaye watoto wako mbali au wametangulia. Paa linavuja, kuni zimekwisha, choo kimebomoka mlango. Vijana 10 na fundi mmoja wakishika nyumba moja kwa mchana mmoja, kazi imeisha. Na siku ya mwisho, kundi zima linaungana na wenyeji kuondoa tope kwenye ndiva, kwa utaratibu wa kamati ya maji ya kijiji. Hatuendi kuwafundisha wenyeji kazi yao. Tunakwenda kuongeza mikono.

Kazi ya tatu ni damu. Barabara kuu ya kutoka Dar es Salaam kwenda Moshi na Arusha inapita katikati ya wilaya zetu za Same na Mwanga, na ajali zake tunazijua. Mama anayetokwa na damu baada ya kujifungua hawezi kusubiri ndugu watoke mjini. Mtoto aliyeishiwa damu kwa malaria hawezi kusubiri. Damu haitengenezwi kiwandani. Inatoka kwa mtu mzima mwenye afya njema, mwenye umri wa kuanzia miaka 18 na uzito usiopungua kilo 50. Mwanaume anaweza kutoa kila baada ya miezi 3 na mwanamke kila baada ya miezi 4. Anapimwa kwanza, na yeye mwenyewe anapata kujua hali ya afya yake. Tutakubaliana siku na wahudumu wa damu salama, na hapa tunawaomba si vijana tu. Mzee wa miaka 50 mwenye afya njema naye mkono wake una mshipa.

Mtatuuliza, na ratiba ya ibada? Tumeipanga. Kazi ni Jumatatu hadi Ijumaa. Ijumaa tunamaliza saa 6 mchana ili ndugu zetu Waislamu wawahi msikitini, na jua likielekea kuzama ndugu zetu Wasabato wawe nyumbani. Jumapili kila mtu na kanisa lake. Huku kwetu tumezikana pamoja siku zote, hatushindwi kufanya kazi pamoja.

Kuhusu usalama wa watoto, tumeweka masharti na hayana mjadala. Hakuna darasa litakalofunguliwa bila ruhusa ya uongozi wa shule na serikali ya kijiji. Vijana watafundisha wawili wawili, mlango ukiwa wazi, na hakuna atakayebaki peke yake na mtoto. Kila kijana atakuja na barua ya utambulisho kutoka serikali ya mtaa au kijiji chake. Mzazi anatukabidhi mwanawe, ana haki ya kujua anamkabidhi nani.

Na uongozi je? Kila kundi litachagua kiongozi na mweka hazina wake, vijana wenyewe. Fedha ya chakula na vifaa ya kundi lao itakuwa mikononi mwao, nao wataandika matumizi na kuyasoma mbele ya mkutano huu mwakani. Wazee watakuwa walezi, watashauri wakiulizwa. Hilo ndilo jibu letu kwa habari ya viti na soda.

Vijana wetu, sasa tunazungumza nanyi.

Hatuwaahidi ajira. Mtu akiwaambia kwamba siku 5 za kujitolea zitawapa kazi, anawadanganya. Kila atakayemaliza tutampa barua inayoeleza kazi aliyoifanya na tarehe zake, iliyosainiwa na chama na kijiji, na barua ya kweli ina faida yake mtu anapoomba nafasi. Lakini si kwa ajili ya barua tunawaita.

Tunawaita kwa sababu mnajua kitu ambacho mtoto wa darasa la saba hakijui, na baada ya Januari kumwambia itakuwa kama kumpa mwavuli mtu aliyekwisha kulowa. Tunawaita kwa sababu kwenye milima yetu msaada wa kwanza hutoka karibu. Mnakumbuka Novemba 2009, mvua ilipoporomosha mlima kule Mamba Miamba na wenzetu zaidi ya 20 wakapoteza maisha. Katika msiba wa namna ile mikono inayofika kwanza ni ya jirani mwenye jembe. Kijiji ambacho vijana wake wamezoea kuitwa na kuitika kwa kazi ndogo, kitaitika siku ya kazi kubwa. Kijiji ambacho kila mtu amezoea kusubiri, siku hiyo pia kitasubiri.

Na tunawaita kwa faida yenu. Kijana aliyezaliwa mjini ambaye huja nyumbani kwa misiba tu, anaijua Upare ya machozi peke yake. Njoo uijue ya makande na vicheko vya jioni. Njoo ujue mfereji wa babu yako unapita wapi. Mcheza kwao hutunzwa, lakini lazima kwanza kwao pamjue.

Ninyi mnaoishi nyumbani, msidhani mpango huu ni wa watu wa mjini kuja kuwaonyesha njia. Nusu ya kila kundi ni ninyi. Ninyi ndio mnaojua ni mzee yupi anaona aibu kuomba msaada, na ni mtoto yupi atakosa darasa kwa sababu hana nguo ya kuvaa. Bila ninyi kundi litapotea njiani.

Wazazi, nanyi mna sehemu yenu. Kijana akisema anakwenda kujitolea, msimwambie anapoteza muda. Mwacheni aende, na akirudi muulizeni alifanya nini, mkae mkamsikilize. Mwenye nyumba kule nyumbani yenye chumba kitupu, tunakiomba kwa siku 5. Mwenye gari la mizigo linalopanda na bidhaa za sikukuu, tunaomba nafasi ya majembe na sururu.

Sasa tumefika kwenye bahasha.

Fedha za harambee ya mwaka huu katika fungu la vijana hazitalipa mshahara wa mtu wala posho ya kamati. Zitanunua tiketi za basi mapema, kabla ya msongamano wa sikukuu ambapo nauli na nafasi vinakuwa shida. Zitanunua unga, maharage, mafuta na chumvi ya makundi. Zitanunua chaki, daftari na kalamu, misumari na mabati machache, glavu za kazi na sanduku la huduma ya kwanza. Hesabu yote itabandikwa ukumbini mwakani, risiti kwa risiti, na mwanachama yeyote ataruhusiwa kuuliza.

Khanga za mama zetu zinasema: kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Hatukuja kupima bahasha ya nani nene. Anayelipa tiketi moja amempeleka mwalimu mmoja. Anayetoa gunia la maharage amelisha kundi. Asiye na fedha leo ana siku zake 5, na siku hizo hakuna bahasha inayoweza kuzinunua.

Daftari la kujiandikisha liko pale mlangoni, karibu kabisa na mlipokaa, vijana wetu. Tumeliweka hapo makusudi. Andika jina, umri, kijiji cha kwenu, na kazi unayoiweza: kufundisha, useremala, kupika, kuandika hesabu, kubeba. Kubeba nako ni kazi. Kabla ya kuondoka tutahesabu majina na kuyasoma, ili ukumbi ujue unachangia watu gani.

Ndugu Mwenyekiti, kamati imemaliza. Mbiu imelia, na mwaka huu tumejitahidi iseme waziwazi ni kazi gani, ni siku ngapi, na nani analipa nauli. Tunaomba kila kaya itoe mtu.